Giaboksi ya mtumba au ya kufufuliwa? Premio yangu ya 2003 na pesa iliyonitoka

Mimi nauza vitenge na mashuka Busia, upande wa Uganda, na mzigo wangu mwingi hutoka Kampala. Gari ninalotumia ni Toyota Premio ya 2003, injini ya 1.8, otomatiki. Gari hili limenisomeshea watoto. Giaboksi yake ilipokufa nilikwama kati ya mambo mawili: ninunue nyingine iliyotumika, iliyotoka Japani, au hii yangu ifunguliwe na kuundwa upya? Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu kabla hata hajaliona gari. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo yuko pale nilipokuwa, ana pesa ya kulipa mara moja tu na hana ya kurudia.

Dalili zilianza polepole. Asubuhi naweka D, gari linanyamaza kidogo, halafu linaruka mbele kwa kishindo. Likishapata moto linakuwa zuri, kwa hiyo ni rahisi kujituliza moyo. Baadaye nikawa nikipanda kilima na mzigo injini inaguruma, mshale wa mizunguko unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Mafundi husema giaboksi inateleza. Kisha taa ya O/D OFF, ile inayowaka ukizima gia ya juu kabisa kwa kitufe, ikaanza kumwekamweka yenyewe bila mimi kugusa kitufe. Kwenye Toyota za miaka ile, taa hiyo ikimwekamweka ni kompyuta inakwambia imeandika hitilafu, na fundi mwenye mashine ya kuisoma anaweza kujua pa kuanzia. Fundi mmoja wa hapa nyumbani alisema ni oili tu imechoka, akaongeza chupa moja. Safari iliyofuata gari likanigomea karibu na Iganga. Naweka D, naweka R, naweka L, injini inawaka vizuri, magurudumu hayataki.

Hapa nina jambo la kusisitiza, kwa sababu watu wengi huharibu giaboksi ambayo ingeweza kupona. Vijana walikuja na kamba na pikapu, wakataka kunikokota mpaka Kampala kwa bei nzuri. Nilimpigia simu Hajji, fundi wa Ndeeba, mtaa wa Kampala, aliyekuwa akitengeneza lori la marehemu mume wangu. Akaniambia, "Mama, usikubali. Magurudumu ya mbele yasiguse barabara." Premio huvutwa na magurudumu ya mbele. Pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na gari linakokotwa, vyuma vya ndani vinazunguka bila kupata oili ya kutosha, na mwendo wa kutoka Iganga hadi Kampala unatosha kumaliza kilichobaki. Nikalipa shilingi 400,000 za Uganda gari libebwe juu ya lori. Iliniuma, kwa sababu ile ilikuwa sehemu ya karo ya muhula. Lakini gari lilifika bila kuongezewa ugonjwa.

Hajji hakuanza na giaboksi. Alisubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akatia kidole kuona kama maji yana mafuta. Ndipo akavuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akaniita nione. Oili nzuri ya aina hii ni nyekundu na unaweza kuona kitambaa kupitia kwake. Iliyoungua huwa ya kahawia au nyeusi, na harufu yake inakera pua. Yangu haikuwa hivyo wala vile. Ilikuwa nzito, yenye povu, rangi kama yogati ya stroberi.

"Hii haikufa kwa uzee," akasema. "Imekunywa maji."

Naeleza alivyonieleza, kwa sababu uamuzi wangu wote ulisimama juu ya maneno haya. Oili ya giaboksi otomatiki hupata joto kali, kwa hiyo hutolewa nje kwa mabomba mawili, ikapita kwenye kipozeo kidogo kilichofichwa ndani ya rejeta, katika tangi la chini au la pembeni, kisha ikarudi. Oili iko ndani ya kipozeo, maji ya rejeta yanakizunguka. Wengi wetu hatutii kolanti. Tunajaza maji ya bomba au ya kidumu, miaka na miaka. Kutu inakula taratibu. Siku ukuta wa kipozeo unapotoboka, maji na oili vinachanganyika. Ndani ya giaboksi kuna klachi pleti, sahani nyembamba za chuma zinazobanwa ili gia ishike, na baadhi yake zimebandikwa utando wa kusugua kwa gundi. Maji na kolanti huulainisha utando huo na kuulegeza kwenye chuma chake. Ukishaanza kubanduka, hata ukimwaga oili yote na kutia mpya kabisa, pleti haziponi.

Basi kabla ya kuuliza mtumba au ya kufufuliwa, kulikuwa na swali la kwanza: ni nini kilichoiua hii? Kama ningenunua giaboksi safi ya Japani na kuifunga kwenye rejeta ileile, ingekunywa maji yaleyale. Kama ningeifufua yangu kwa vipuri vipya, vivyo hivyo.

Shemeji yangu wa Tororo yalimpata haya na Noah yake. Aliifufua giaboksi kwenye gereji moja, wakabadilisha pleti na sili, wakamwambia rejeta ni nzima kwa sababu haivuji nje. Hawakusafisha mabomba ya kipozeo, na toki konveta, lile duara la chuma lililo kati ya injini na giaboksi, wakairudisha na uchafu wote wa zamani ndani yake. Juu ya hayo wakamtilia oili ya bei ya chini inayouzwa kuwa inafaa magari yote. Alilifurahia gari kwa muda mfupi mno, kisha likarudi kuteleza, na gereji ikamwambia ni uendeshaji wake. Akalipa mara ya pili, na safari hii akanunua ya mtumba. Leo ukimwuliza atakwambia kufufua ni wizi. Mimi siamini hivyo. Ile kazi ingefanywa sawasawa, na rejeta ikabadilishwa, ingedumu.

Njia ya tatu, kuliuza gari kama lilivyo, niliifikiria sana. Bei niliyopewa na mnunuzi wa kwanza ilinitia simanzi. Na kulibadilisha si rahisi: tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo Premio ya mwaka kama wangu haiji tena kutoka Japani. Zilizopo ndizo zilizokwisha kuingia. Ya mwaka wa karibu zaidi ingenidai mamilioni ambayo sina. Bodi na injini ya gari langu vilikuwa vizima, na vyuma vya mbele nilikuwa nimeshavibadilisha. Nikaamua nitengeneze.

Tukakaa na Hajji kwenye benchi, tukaandika hesabu mbili kwenye daftari langu la deni. Nakuomba nawe ufanye hivyo, maana bei inayotajwa kwa mdomo huwa ni ya kitu kimoja tu.

Mtumba: giaboksi pamoja na toki konveta yake, shilingi milioni 1.6. Ufundi wa kushusha na kupandisha, 250,000. Rejeta mpya, 350,000. Oili sahihi, makopo mawili ya lita nne, 260,000. Sili, filta na gasketi ya sinia la chini, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, 180,000. Jumla 2,640,000.

Kufufua: seti ya pleti, sili na gasketi, milioni 1.1. Ufundi wote, pamoja na kushusha, 600,000. Toki konveta nyingine, 300,000. Rejeta 350,000, oili 260,000. Jumla 2,610,000.

Tofauti ilikuwa shilingi 30,000. Nilishangaa, kwa sababu sokoni kila mtu alikuwa akiniambia moja kati ya hizi ni nafuu mno kuliko nyingine. Anayekwambia kufufua kunagharimu milioni moja hajahesabu konveta, oili na rejeta. Anayekwambia mtumba ni milioni na laki sita hajahesabu kitu chochote kingine.

Kwa hiyo bei haikuniamulia. Kilichoniamulia ni konveta. Hili ni lile duara kubwa la chuma, zito, lililokaa kati ya injini na giaboksi, limejaa oili na limechomelewa pande zote. Giaboksi ikinywa maji au pleti zikiungua, uchafu unaingia humo na huwezi kuutoa wote kwa kumwaga. Kulisafisha barabara ni kulikata, kubadilisha vya ndani, kulichomea upya na kulipima lizunguke bila kuyumba. Hajji alinikubalia wazi kwamba kazi hiyo haifanyi, na hakumjua mtu wa karibu anayeifanya kwa kiwango anachokiamini. Konveta ya kununua peke yake ingekuwa ya mtumba vilevile. Yaani ningelipia kufufua halafu nifunge kipande cha mtumba kisichojulikana katikati yake. Kutoka kwa fundi ambaye angepata pesa zaidi kwa kufufua, maneno hayo yalinifanya nimwamini kwa mengine yote.

Ila mtumba nao una ubaya wake na sitauficha. Giaboksi ya gari la miaka ile, hata ikiwa imetembea Japani kwenye lami nzuri, ina mipira ya ndani iliyozeeka. Sili zake zimekakamaa. Imekaa bila kazi, imesafiri ndani ya kontena, pengine imepitia Sharjah kwa wafanyabiashara wa vipuri. Kilomita zake hakuna anayezijua. Muuzaji anayekutajia namba anakubahatishia. Dhamana niliyopewa ilikuwa ya wiki mbili, wakati Hajji angenipa miezi mitatu kama angeifufua yeye. Ndiyo maana hesabu ya mtumba ina zile 180,000 za sili na filta. Sili ya mbele ya pampu, sili mbili za shafti, filta na gasketi hubadilishwa giaboksi ikiwa chini, inapofikika kirahisi. Ikishapanda garini na kuanza kuvuja, unalipa ufundi wote upya.

Kabla ya kwenda soko la Kisekka, Hajji alifungua boneti akanionyesha kibati cha chuma chenye namba za gari. Kina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE, na mbele yake kuna alama ya giaboksi. Kwenye Toyota otomatiki za magurudumu ya mbele za wakati ule, alama hiyo mara nyingi huanza na herufi U au A. Ikianza na K hiyo ni CVT, giaboksi inayotumia mkanda na puli badala ya gia, na ni jambo jingine kabisa. Nikaipiga picha. Kuna Premio za 1.8 zinazovutwa na magurudumu yote manne, na giaboksi yake haiingii kwenye ya magurudumu mawili. Nyingine zinafanana kwa umbo lakini plagi za nyaya ni tofauti, na kompyuta ya gari haitaelewana nazo. Ukimwambia muuzaji "nataka ya Premio" atakupa ya Premio, lakini huenda isiwe ya Premio yako.

Kisekka, kama huijui, ni soko la vipuri katikati ya Kampala, upande wa Nakivubo. Ukishuka tu, vijana wanakuzunguka na kila mmoja ana giaboksi unayotaka. Nilikwenda na Hajji mwenyewe, nikamlipa siku yake. Mwanamke peke yake hapo, amevaa vizuri, ametoka safari, anatajiwa bei ya kurusha. Yeye alizungumza Kiganda, mimi nikanyamaza na kushika mkoba.

Tulichokitafuta kilikuwa kimoja: muuzaji atakayekubali sinia la chini lifunguliwe kabla hatujalipa pesa yote. Ndani ya sinia kuna sumaku ndogo zinazokusanya vumbi la chuma. Ukikuta tope laini la kijivu, jembamba, hilo ni la kawaida kwa umri. Ukikuta vipande, sindano za chuma, chembe za rangi ya shaba, au mabaki meusi ya utando wa pleti, iache. Muuzaji mmoja alikataa katakata, akasema ikifunguliwa imenunuliwa. Tukaondoka. Mwingine alikubali, tukafungua, na harufu ya kuungua ikatufikia kabla ya kuona chochote. Akatupunguzia laki nne papo hapo. Moyo wangu ulivutwa, nasema kweli, maana laki nne ni pesa. Hajji akafunga boliti zake akasema asante.

Tuliyoichukua, oili iliyobaki ndani ilikuwa nyekundu iliyofifia, sumaku zina tope jembamba, na shingo ya konveta inapokaa sili haikuwa na mfereji. Alama ikalingana na picha yangu. Tuliweka malipo ya awali ndipo ikafunguliwa, kisha tukaandikiana karatasi: jina la duka, simu, alama ya giaboksi, dhamana ya wiki mbili, na kwamba ikirudi nitarudishiwa pesa au nyingine, si "tutaongea". Muuzaji akaitia rangi ya njano kwenye ganda ili asije akasema nimemrudishia tofauti. Mimi nami nikaipiga picha pande zote.

Kwenye kufunga niliomba kukaa nione, na Hajji hakukasirika. Fundi asiyetaka ukae ni wa kuogopa. Kuna mambo mawili niliyoyaona yakimchukulia muda, na sasa nayaulizia kwa kila mtu anayetengeneza. La kwanza, aliitia konveta kwenye giaboksi kwa mkono, akiizungusha na kuisukuma mpaka ikaingia yote na kushika pampu, kisha akapima nafasi kutoka ukingoni kwa rula. Isipoingia yote na fundi akaivuta kwa boliti ikutane na injini, pampu inapasuka siku hiyohiyo, na wewe utaambiwa giaboksi ilikuja mbovu. La pili, mabomba ya kwenda kwenye rejeta aliyasafisha na kuyapuliza hadi yakatoa hewa kavu, ndipo akayafunga kwenye rejeta mpya. Ile ya zamani aliitoboa mbele yangu ili isiuzwe kwa mtu mwingine.

Oili yetu ilikuwa ya T-IV, aina ya oili ya giaboksi ya Toyota, kama ilivyoandikwa kwenye kijiti chenyewe. Magari yaliyofuata yanatumia aina nyingine iitwayo WS, na hizi mbili hazibadilishani. Kuipima nako kuna utaratibu: gari kwenye uwanja sawa, injini imepata moto na inawaka, pitisha gia zote taratibu kisha rudi P, ndipo uvute kijiti usome kwenye alama za HOT. Ukipima injini ikiwa imezimwa au baridi unasoma uongo, na kuzidisha ni kubaya sawa na kupunguza. Baada ya muda mfupi wa kutembea nililirudisha akamwaga oili tena na kutia nyingine, kwa sababu ukimwaga mara moja sehemu kubwa hubaki ndani ya konveta na njia zake. Hiyo ni gharama ambayo haikuwa kwenye daftari: kopo moja zaidi, 130,000.

Siwezi kumwambia kila mtu anunue mtumba. Kama gari lako ni la aina isiyo ya kawaida hapa Uganda, utakayoipata sokoni itakuwa moja tu, ya bahati, na huenda kufufua ya kwako kukawa ndiyo busara. Kama tatizo ni solenoidi (valvu ndogo za umeme zinazoelekeza oili), au valvu bodi (kipande chenye njia za oili zinapokaa), au sili inayovuja, na pleti ni nzima, kuitupa giaboksi yote ni hasara tupu. Ndiyo maana mashine ya kusoma hitilafu itangulie. Kama una fundi ambaye umeona magari aliyofufua yakitembea miaka, na konveta yako haikuchafuka, mpe kazi. CVT ya zamani nisingempa fundi wa kawaida kuifungua, kwa ajili ya mkanda wake wa chuma na puli zake ambazo hazisamehi kosa dogo.

Vilevile usimwachie mtu ganda lako la zamani bure. Hajji alichukua langu kwa ajili ya vyuma vilivyo hai, akanipunguzia 150,000 kwenye ufundi, na solenoidi zangu mbili nzima akanifungia kwenye mfuko. Zipo kwenye buti.

Sasa rejeta natia kolanti, na kila kabla ya safari ya Kampala, injini ikiwa baridi, nafungua kifuniko naangalia kama kuna utando wa mafuta juu ya maji, kisha injini ikishapata moto navuta kijiti cha giaboksi. Mzigo mzito wa marobota napakia kwenye basi, gari linabeba mimi na mizigo midogo. Ukienda kutafuta ya kwako, beba picha ya kile kibati cha boneti, na mwulize muuzaji neno moja kabla ya bei: nitafungua sinia?